Afande Aliyeanzisha Timu ya Kambi

Uwanja wa kambi ulitengenezwa na wakosaji. Askari akichelewa gwaride hakurushwa kichura wala hakupewa fyekeo. Alikabidhiwa karai, akapelekwa nyuma ya bwalo kuokota mawe. Na Singida kwetu mawe hayaishi. Unaokota leo, mvua ikinyesha yanachomoza mengine kama yameota. Eneo lile Afande alilipata kwa sababu hakuna mtu mwingine kambini aliyelitaka. Alikuwa anasimama pembeni, filimbi shingoni, anawaambia wale wakosaji, "Okota, kijana. Hapo unapoinama ndipo mtu atakapofunga goli." Walidhani anawatania. Mimi nilipofika, miaka kadhaa baadaye, magoli yalikuwa bado ya mirunda, lakini kona mbili zilikuwa zimeota majani, na kila mazoezi tulianza kwa kutembea mstari mmoja kutoka goli hadi goli, migongo imeinama, tunaokota.

Alikozaliwa sikujua na sikuwahi kumuuliza. Cheo chake kilikuwa sajenti. Kambi ile ilikuwa imejaa maafande, ila ukisema Afande bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yeye. Hata mkuu wa kikosi alimwita hivyo, na mkuu hakuwa mtu wa utani.

Leo timu ile ni klabu. Ina basi, ina nembo, inacheza ligi kuu, na mashabiki wake wengi hawajui kwamba ilianzia kwenye mawe. Ndiyo maana naandika. Mimi si mwandishi, nina kidato cha nne cha alama ambazo mama yangu hazitaji mbele ya wageni. Ila nilikuwepo, nikicheza winga ya kushoto, na ninachokumbuka nakikumbuka vizuri.

Nianze na alivyokuwa anatafuta wachezaji. Alikuwa anakuja vijijini na pikipiki ya kambi, siku za mechi za Jumapili, anasimama nyuma ya goli na mikono mgongoni. Watu walikuwa wanajitahidi kumwonyesha vyenga. Yeye hakuvitazama. Kuna siku nilimuuliza aliona nini kwangu, maana mechi aliyokuja kwetu Kinyangiri nilicheza vibaya mpaka watoto wakanizomea. Akanijibu, "Mwenye mpira kila mtu anamwona. Mimi namtazama aliyenyang'anywa, nione anafanya nini. Wewe ulinyang'anywa ukarudi mpaka golini kwenu kuufuata. Ulikuwa unakimbia na hasira. Nikasema huyu nitamlisha."

Na alikuwa hachukui kijana barabarani. Alikuwa anakuja nyumbani, kama mtu anayekuja kuposa. Kwetu alikuja na mzee mmoja wa kijiji, akavua kofia mlangoni, akaketi pale alipoonyeshwa. Akamsalimia mama kwa Kinyiramba, Kinyiramba chenyewe cha kuokoteza, mama akaficha mdomo kwa khanga asionekane anacheka.

"Mama, nimekuja kuomba kijana."

"Unaomba wa kuoa au wa kuolewa?"

Yule mzee wa kijiji alicheka mpaka akakohoa. Afande naye akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. "Namwomba acheze mpira timu ya kambi. Akicheza vizuri jeshi litamwajiri. Atakuwa askari, atakujengea."

"Litamwajiri lini?"

"Timu ikipanda daraja."

"Na isipopanda?"

"Mama, timu yangu itapanda."

"Mimi sijauliza timu," mama akasema. "Nimeuliza mtoto."

Afande akaiweka kofia yake gotini. Halafu akasema polepole, "Huyu kijana nikimchukua ni wangu. Neno langu ni hilo." Mama akamtazama sana, kisha akatoka nje, tukasikia kuku anapiga kelele. Sasa kwa mama yangu kuku hachinjwi hivi hivi. Mtu akiomba mtoto akachinjiwa kuku, akala, basi ameshika neno, na firigisi hupewa yeye aliyeomba ili kila aliyeketi pale aone ameipokea. Afande aliipokea kwa mikono miwili. Akaila. Alifanya hivyo nyumba nyingi, Iramba na Mkalama yote. Kipa wetu, Shabani wa Misigiri, ambaye ndiye alikuwa rafiki yangu pale kambini, alikuwa anasema Afande ameanzisha timu kwa firigisi.

Sisi tuliochukuliwa hivyo tuliitwa raia. Timu ilikuwa na askari kamili, walioajiriwa, na ilikuwa na raia, tunaongojea. Tulilala kwenye ghala la zamani la mahindi. Hatukuruhusiwa kuvaa gwanda, hata kofia yake, ila kukimbia tulikimbia nao alfajiri, na nyimbo zao zote tuliziimba. Bwaloni walikuwa wanatutania. "Raia, mnakula ugali wa serikali bure." Shabani alikuwa hajibu mpaka amalize kutafuna. "Na nyinyi si mnapata sifa kwa magoli tunayozuia sisi? Kuleni, nasi tule."

Afande hakutuita majina. Aliita namba au mahali. Mimi nilikuwa Kushoto. Shabani alikuwa Kipa. Beki namba tatu wetu aliteseka sana, maana mjini beki tatu ni dada wa kazi, na dada zetu wa Mandewa walipokuja kuangalia mechi walimwuliza kama ameshaosha vyombo. Akamwomba Afande abadilishiwe namba. Afande akamwambia, "Cheza vizuri, watabadilisha maana." Hakubadilishiwa.

Neno samahani alikuwa halitaki. Ukikosa pasi ukasema samahani, filimbi inalia, wote tunasimama. "Jeshini hakuna samahani. Kuna rudia." Basi unarudia ile pasi mpaka jua linazama na wenzako wanakulaani moyoni. Lakini huyo huyo, nilipougua malaria, alikaa kando ya kitanda changu zahanati ya kambi anabishana na mimi kuhusu timu za zamani, makusudi, nisilale usingizi mbaya. Muuguzi alipoingia na sindano Afande alisimama akageukia ukutani. Alikuwa anaogopa sindano. Sajenti mzima. Muuguzi akamwambia, "Afande, si wewe unayechomwa." Akajibu bila kugeuka, "Endelea na kazi yako."

Nyuma ya goli la kusini alikuwa na matuta ya vitunguu, na mpira ukienda kule ilibidi uufuate kwa kunyata, kama mwizi. Kumwagilia vitunguu vile aliwapa waliocheza vibaya. Hii nayo aliita mazoezi.

Lakini kitu kilichonifanya nimpende ni penalti. Miaka ile ya mwanzo, tukiwa ligi ya mkoa, timu za raia zilikuwa zinatuogopa. Tulikuwa tunashuka kwenye lori la jeshi tukiimba, na wengine walikuwa wameshafungwa kabla ya mpira kuwekwa kati. Waamuzi vilevile. Siku moja, mji mmoja wa reli huko Manyoni, beki wetu, koplo, aliushika mpira kwa mkono ndani ya boksi, mkono wote, kama anadaka papai. Uwanja mzima ukaona. Mwamuzi akaangalia mawinguni.

Afande akaingia uwanjani anatembea. "Mwamuzi, umeona?"

"Sijaona, Afande."

"Mimi nimeona kutoka kule nilikokaa. Weka penalti."

"Afande, mpira unaendelea."

"Hauendelei. Mimi nimesimama juu yake." Na kweli alikuwa ameukanyaga.

Wakapiga, wakafunga, tukapoteza mechi. Kurudi lorini hakuna aliyeimba. Tulipofika kambini akatupanga mstari, akasema, "Jana mlikuwa kikosi kinachovaa jezi. Leo ndiyo mmeanza kuwa timu." Koplo akapewa karai.

Mtu wa namna hiyo anapokuambia jambo, unaliamini. Mimi niliamini. Naomba hili lieleweke, maana wako watu wanaoniuliza, nyinyi mlikuwa wajinga kiasi gani? Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumemwona akijipigia penalti mwenyewe.

Kila mwaka jeshi lilikuwa linatangaza usaili. Vijana wanakwenda ofisi za wilaya na vyeti vyao, wanapanga foleni, wanapimwa, wanaochaguliwa wanaenda. Umri una mwisho wake, ukipita umepita. Mwaka wa kwanza Shabani na mimi tulimwomba ruhusa tukapange foleni Kiomboi. Alikasirika, si kwa kelele. Alionekana kama tumemtukana.

"Foleni ni ya watu wasio na mtu," akasema. "Nyinyi mnaye mtu. Mkuu ameniambia kwa kinywa chake, vijana wa timu wataingia wote. Mnataka niende kumwambia vijana wangu hawakuamini?"

Hatukwenda. Mwaka wa pili usaili uliangukia wiki ya mechi tatu ngumu, na sisi wenyewe hatukuomba, tulikuwa tumeshajiona askari. Mama alinipigia simu, "Wenzako wa hapa kijijini wamekwenda kupanga mstari, wewe vipi?" Nikamwambia, "Mama, sisi tuna mlango wetu." Nakumbuka nilivyosema kwa madaha.

Mwaka wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho kwa umri wetu. Siku ya usaili ikaangukia siku ile ile ya mechi ya kupanda daraja. Shabani hakuzunguka. Alimfuata Afande kwenye matuta ya vitunguu, mimi nyuma yake.

"Afande, shikamoo. Mwaka huu ukinipita, sina mwingine."

Afande alikuwa ameinama. Akaendelea kung'oa magugu. "Nikimkosa kipa na winga, hatupandi," akasema. "Tusipopanda, hakuna atakayeingia, nyinyi wala wenzenu. Tukipanda mnaingia wote. Nifanye nini, Kipa? Niambie wewe."

Shabani alikuwa na moyo mkubwa kuliko mikono yake, na mikono yake ilikuwa kama majembe. Akasema, "Tutacheza."

Tulicheza. Shabani aliokoa mpira ambao hata mpigaji alikuwa ameshaanza kushangilia. Goli letu lilitokana na krosi yangu, ya mguu huu wa kushoto. Filimbi ya mwisho ilipolia tulimbeba Afande juu, akawa anatupigapiga vichwani kwa kofia tumshushe, na nikamwona meno yake kwa mara ya kwanza, yote. Kule Kiomboi saa ile walikuwa wanafunga geti.

Sasa sikiliza kilichofuata, na nitakisema haraka maana kinanichoma. Mkuu wa kikosi akahamishwa. Akaja mwingine. Timu ikafanywa klabu, ikapata mwenyekiti na msemaji, ikapelekwa mkoa mwingine wenye uwanja mzuri na wafadhili. Wakasajiliwa wachezaji wenye majina. Sisi raia tuliitwa mbele ya bwalo. Mkuu mpya alitushukuru, kwa adabu kabisa, akasema ajira za jeshi zina utaratibu, na utaratibu unatazama umri. Afande alikuwa amesimama nyuma yake, wima, macho mbele, kidevu juu.

Shabani akauliza, si kwa mkuu. "Afande, si wewe uliyesema?"

Afande hakusogea. Mkubwa wake alikuwa anaongea, na askari hasemi mkubwa wake anapoongea. Hilo nalijua, tulilala na sheria hizo. Lakini huyu ndiye aliyeukanyaga mpira mbele ya uwanja mzima. Nilingoja aukanyage tena. Nilingoja mpaka mkuu akamaliza, akasalimiwa, akaenda zake. Tukachukua mabegi yetu ghalani.

Baadaye mama mmoja aliyekuwa akipika bwaloni aliniambia kwamba Afande alikwenda ofisini kwa mkuu kutusemea, tena na tena, mpaka akaambiwa akae stoo ahesabu jezi. Kisha akastaafu. Klabu hawakuondoka naye. Kuna siku nilikuwa gereji, redio inaeleza klabu ile ilivyoanza, maono ya viongozi, jitihada za viongozi. Jina lake halikutajwa, wala mawe. Nilimwonea uchungu kabla sijajionea mwenyewe. Ndivyo nilivyo, mama ananiambia nina moyo wa maziwa.

Shabani hana moyo huo. Anauza vitunguu barabarani Misigiri, anakimbilia mabasi, na ukimtajia mpira anakuuliza unataka gunia au ndoo. Nilimwambia habari za yule mama wa bwalo, kwamba Afande alitusemea. Akafunga gunia lake kwanza, akakata kamba kwa meno. "Alitusemea mlango umefungwa, hatupo," akasema. "Penalti haipigwi chumbani."

Mimi ninaendesha bodaboda Kiomboi. Jumapili bado nacheza, na bado ninaota mambo, siwezi kuacha, nikilala naota nakimbia pembeni ya mstari mweupe. Nataka siku moja niwe na timu ya watoto, na mzazi nisimwahidi kitu zaidi ya mpira.

Mwaka huu, asubuhi ya usaili, nilimpeleka abiria ofisi za wilaya. Foleni ilikuwa imetoka getini imezunguka ukuta, vijana na bahasha zao, wengine wamevaa viatu vya kuazima, unaona mwendo. Katikati yao alikuwa mzee mmoja wa kofia, mgongo umenyooka kuliko wao wote.

Nilizima pikipiki. Ningeweza kupita. Nikamwendea.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba." Akanitazama. "Kushoto."

"Ndiyo mimi."

"Mguu?"

"Upo. Siku hizi unabadili gia."

Akatikisa kichwa. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Marahaba yake," akasema haraka, nikajua amejua kwamba mama hajamsalimu.

Kijana aliyekuwa nyuma yake akamchokoza, "Mzee, na wewe unajiunga?" Afande hakugeuka. "Mimi nimeshamaliza. Nyoosha mstari, kijana." Na foleni, Mungu wangu, ikanyooka.

Ikabidi anieleze, maana nilikuwa bado nimesimama. Alikuwa na mwanawe wa mwisho. Alikuwa amemleta tangu alfajiri, wakawa wa mbele mbele, halafu ikaonekana cheti cha kuzaliwa kimebaki nyumbani. Kijana alikuwa amekimbilia kukichukua, baba anamshikia foleni.

"Anacheza?" nikauliza.

"Beki wa kati." Alitaka kuishia hapo, ikamshinda. "Sijawahi kufundisha beki kama yule. Leo timu yao ina fainali. Wamekuja nyumbani tangu jana, kocha wake amekaa pale kwangu ananisihi." Akatazama mbele, kule getini. "Nimemkatalia."

Nikahamisha kofia ya pikipiki kwapa hili hadi lile. Nikaona anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, kama mtu mwenye haja.

"Choo kiko wapi hapa?"

"Nyuma ya jengo lile, Afande. Ila ni mbali kidogo."

Alitazama foleni, akatazama barabarani, mwanawe haonekani. Uzee hausubiri. "Kushoto," akasema, bila kunitazama. "Nisimamie hapa."

Nikaingia. Akaondoka anatembea kwa haraka ya kijeshi, mikono inapiga. Nikabaki kati ya watoto wale, kofia ya pikipiki kwapani, na mbele yangu migongo tu, na mwisho wa migongo meza, na nyuma ya meza askari anaandika. Foleni ikasogea, nikasogea. Ikasogea tena. Sikuwahi kusimama pale, na nikajikuta nimenyoosha mgongo kama mtu anayengoja kuitwa.

Askari kijana, mdogo kwangu, alikuwa anapita kukagua mstari. Akafika kwangu akasimama. Aliona ndevu.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Nimepita, Afande."

"Sasa unafanya nini kwenye foleni?"

"Namshikia mtu."

Akanitazama juu mpaka chini. Mbele yangu watu wawili walikuwa wameingia getini, nyuma wanasukumana.

"Basi sogea," akasema. "Usiache pengo."

Nikasogea.